Maswali ya wasomaji: Mafuta ya mimea katika chakula cha sato na kambale

Barua nyingi zilizofika katika safu hii hivi karibuni kutoka mwambao wa Ziwa Victoria zinauliza juu ya vichupa vidogo vya mafuta yenye harufu kali, ya karafuu, mchaichai, mdalasini au oregano, ambavyo wafugaji wa samaki wanaambiwa wavichanganye na chakula. Nimezikusanya saba na kuzifupisha bila kubadili maana yake, kwa sababu jibu la moja mara nyingi ni sehemu ya jibu la nyingine.

Mshauri, shikamoo. Mimi ni kijana ninayefuga sato katika vizimba vinne upande wa Luchelele. Muuzaji mmoja amepita kwetu na chupa ya mafuta ya oregano, akidai kwamba yanakuza samaki, yanaua bakteria na yanachukua nafasi ya antibiotiki. Je, ni kweli, au tunauziwa harufu?
*Mfugaji wa vizimba, Luchelele*

Marahaba. Muuzaji huyo hakusema uongo mtupu. Amesema kweli kisha akaitia chumvi, na hapa nitajaribu kuitenga chumvi hiyo.

Mafuta tunayoyazungumzia si mafuta ya kula kama ya alizeti au ya pamba. Ni mafuta tete, yaani mchanganyiko wa kemikali nyepesi zenye harufu ambazo mmea huzihifadhi katika majani, maua, magome au maganda ya matunda yake, na ambazo kwa sehemu kubwa huusaidia kujikinga na wadudu, kuvu na bakteria. Katika karafuu kemikali kuu ni yujenoli. Katika oregano ni karvakroli na thimoli. Katika gome la mdalasini ni sinamaldehaidi. Katika mchaichai ni sitrali. Ninazitaja kwa majina kwa makusudi, kwa kuwa zinazofanya kazi ni kemikali hizo, si jina la mmea lililoandikwa kwenye karatasi ya chupa. Mmea wa aina moja, ukipandwa katika udongo tofauti au ukivunwa katika msimu tofauti, unaweza kutoa mafuta yenye mchanganyiko tofauti kabisa. Kivumbasi kikubwa, ambacho wataalamu hukiita Ocimum gratissimum, kina aina zenye yujenoli nyingi na aina nyingine zenye thimoli nyingi, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Mfugaji anayenunua chupa isiyoonyesha kilichomo na kwa kiasi gani ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Jinsi zinavyofanya kazi inaeleweka vizuri. Kemikali hizi hupatana na mafuta kuliko maji, hivyo hujipenyeza katika utando wa bakteria, ambao nao una asili ya mafuta, na kuulegeza mpaka vilivyomo ndani vikaanza kuvuja. Hilo limeonekana mara nyingi maabara dhidi ya Aeromonas hydrophila, bakteria anayeleta vidonda na kuvimba tumbo kwa samaki wa maji baridi, na dhidi ya aina za Streptococcus zinazowasumbua sato. Ndani ya samaki mwenyewe, majaribio ya ulishaji yameripoti kwamba utumbo hutoa vimeng'enya zaidi vya kusaga chakula, na kwamba damu huwa na lisozaimu zaidi, ambayo ni mojawapo ya silaha za kinga ya mwili. Mwaka 2009 watafiti wa China walichapisha matokeo ya kambale wa aina ya Ictalurus punctatus waliolishwa mafuta ya oregano: walikua vizuri kuliko wenzao, na walipoambukizwa Aeromonas hydrophila waliokufa walikuwa wachache zaidi. Hamu ya utafiti wa namna hii iliongezeka sana baada ya Umoja wa Ulaya kupiga marufuku, kuanzia tarehe 1 Januari 2006, matumizi ya antibiotiki kama kichocheo cha ukuaji katika chakula cha mifugo, kwa hofu ya usugu wa vimelea dhidi ya dawa.

Sasa nije kwenye chumvi. Kwanza, zaidi si bora. Majaribio mengi hutumia kati ya mililita 0.25 na 2 za mafuta kwa kilo moja ya chakula, na mara nyingi matokeo hupanda hadi kiwango fulani kisha hushuka. Samaki huanza kukisusa chakula kwa ukali wa harufu, ukuaji hupungua, na ini, ambalo ndilo lenye kazi ya kuziondoa kemikali hizi mwilini, hulemewa. Pili, samaki wa majaribio huishi katika matangi yenye maji yaliyopimwa kila siku na chakula kilichopimwa kwa gramu, ilhali wako wako ziwani, kwenye mawimbi na upepo, na kijana wa zamu anayetupa chakula huku akizungumza na simu. Tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote, mafuta haya ni kiongezi cha chakula, si tiba. Samaki mgonjwa huacha kula. Ukisubiri mpaka uone vidonda ndipo uchanganye mafuta, utakuwa unawalisha wazima tu, na wagonjwa wataendelea kufa bila kuonja hata punje. Kwa hiyo, yanaweza kuchukua nafasi ya antibiotiki zile ambazo hazikupaswa kuwekwa kwenye chakula tangu mwanzo, yaani zile za kukuzia. Nafasi ya dawa iliyoandikwa na daktari wa mifugo baada ya vipimo hayawezi kuichukua.

Kuhusu faida, usikubali kuhesabiwa na muuzaji, hesabu mwenyewe. Tuseme kwa sasa unatumia kilo 1.6 za chakula kupata kilo moja ya sato, na mafuta yakakushusha hadi kilo 1.5. Kwa tani moja ya samaki utakuwa umeokoa kilo 100 za chakula. Chakula utakachotumia ni kilo 1,500, na ukiweka nusu mililita kwa kila kilo utahitaji mililita 750 za mafuta. Uliza bei ya mililita 750, uliza bei ya kilo 100 za chakula chako, kisha linganisha. Kama mafuta ni ghali zaidi, umekwisha kujijibu, hata kama sato wako wamenenepa. Nami naongeza kwamba katika vizimba nilivyotembelea, chakula kinachosukumwa na upepo nje ya nyavu kabla hakijaliwa kinazidi kilo 100 hizo kwa urahisi, na kukizuia kwa pete ya wavu mwembamba kuzunguka eneo la kulishia ni nafuu kuliko chupa yoyote.

Mimi ni mama ninayefuga sato katika bwawa la kuchimba huko Misungwi. Kando ya bwawa nina mchaichai mwingi kuliko ninaoweza kutumia kwenye chai. Je, naweza kuuchemsha na kuyachanganya maji yake na pumba na dagaa ninaowasagia samaki wangu? Na ikiwa nitanunua mafuta dukani, nayachanganyaje?
*Mama mfugaji, Misungwi*

Mama, ile harufu nzuri inayojaa jikoni unapochemsha mchaichai ndiyo mafuta yenyewe yanayoaga. Ukichemsha katika sufuria iliyo wazi, sehemu kubwa ya unachokitafuta huondoka na mvuke, na maji yanayobaki yana vitu vingine vya mmea pamoja na mafuta kidogo sana. Hayatawadhuru samaki wako, lakini usitegemee matokeo ya majaribio yaliyofanywa kwa mafuta safi.

Ili upate mafuta ni lazima mvuke huo ukamatwe na kupozwa, yaani ukenekwe. Majani hukaa juu ya maji yanayochemka ndani ya pipa lililofunikwa vizuri, mvuke hupita katika mrija unaozungukwa na maji baridi, na mwishoni mafuta huelea juu ya maji yaliyotoneshwa. Umbo la mtambo huo halina tofauti kubwa na ule wa gongo, kwa hiyo ukiamua kuujenga, mweleze kwanza mwenyekiti wa mtaa unachofanya kabla majirani hawajamweleza wao. Lakini sikushauri kukimbilia huko. Kilo 100 za majani mabichi ya mchaichai hutoa mafuta kiasi cha mililita 300 hadi 500 tu, na kuni zitakazoteketea ni nyingi. Kwa mfugaji wa bwawa moja, gharama hiyo hairudi.

Njia inayokufaa ni unga. Kata majani, yakaushe kivulini na si juani, kwa sababu jua kali huyafukuza mafuta, kisha yasage na kuyapitisha kwenye chekeche. Majaribio mengi ya unga wa mimea yenye harufu hutumia kati ya gramu 5 na 20 kwa kilo ya chakula. Anza na gramu 5, uangalie kama samaki wanakuja juu kula kwa kasi ile ile ya siku zote. Changanya unga huo na pumba, mashudu na dagaa kabla ya kukanda, na usikaushe chakula chako juu ya moto. Usitazamie muujiza, maana unga una mafuta kidogo, na nyuzinyuzi za mchaichai hazina lishe kwa samaki. Ukizidisha, unachukua nafasi ya dagaa kwa majani, na samaki hanenepi kwa majani ya chai.

Ukinunua mafuta tete, kosa kubwa ni kuyamimina moja kwa moja kwenye chakula. Tone moja litaganda juu ya punje chache, hizo zitakuwa kali hadi kukataliwa, na nyingine hazitakuwa na chochote. Mafuta haya hayachanganyiki na maji, lakini huyeyuka vizuri katika mafuta ya kula. Kwa mfuko wa kilo 25, pima kwa bomba la sindano mililita 12.5 za mafuta tete, ambazo ni sawa na nusu mililita kwa kilo, uzitie katika nusu lita ya mafuta ya alizeti, utikise kwa dakika kadhaa ndani ya chupa ya kioo. Tandaza chakula juu ya turubai safi kivulini, nyunyiza mchanganyiko huo kidogo kidogo huku mtu mwingine akigeuza kwa mikono yenye glovu, acha kwa nusu saa ili punje zinywe, kisha rudisha kwenye mfuko usiopitisha hewa. Andaa kiasi cha siku nne au tano tu. Yafanyike haya baada ya chakula kutengenezwa na kupoa, kwani joto la mashine ya punje zinazoelea hupita nyuzi 100, na mafuta yaliyotiwa kabla ya hapo kwa sehemu kubwa huishia hewani. Viwanda vikubwa hukwepa tatizo hili kwa kuyafunika mafuta ndani ya vidonge vidogo mno vya gundi ya mti au wanga; kama chupa au mfuko unaouziwa una unga badala ya mafuta, huenda ndiyo teknolojia iliyotumika, na hapo ufuate kipimo cha mtengenezaji badala ya changu.

Tahadhari moja kwa mikono yako: mafuta safi ya karafuu na ya mdalasini huunguza ngozi na macho. Yatunze katika kioo cheusi mahali pa baridi, na usiyahamishie kwenye chupa ya plastiki nyembamba, kwa sababu mengine huilainisha mpaka ikavuja.

Nilisoma mahali kwamba karafuu ni dawa ya samaki. Nilimimina kifuniko kimoja cha mafuta ya karafuu kwenye ndoo ya lita 20 yenye vifaranga vya kambale ili niwasafishe kabla ya kuwaweka bwawani. Baada ya dakika chache walilala ubavu wote, na zaidi ya nusu hawakuamka. Nilikosea wapi?
*Mfugaji, Sengerema*

Pole sana, ndugu yangu. Ulichowapa si dawa ya kuwasafisha bali ni nusukaputi. Yujenoli inapoingia kwenye matamvua hupita moja kwa moja kwenye damu na kuzima mishipa ya fahamu. Ndiyo maana watafiti na mafundi wa vituo vya kuzalishia samaki huitumia kuwalaza samaki wazazi wanapowapima au kuwakamua mayai. Kipimo cha kuwatuliza samaki wengi wa maji baridi huwa kati ya miligramu 25 na 100 kwa lita moja ya maji. Kifuniko cha chupa ya kawaida hubeba kama mililita 5, na mililita moja ya mafuta ya karafuu ina uzito unaozidi gramu moja kidogo. Kwa hiyo ndoo yako ilikuwa na zaidi ya miligramu 250 kwa lita, na vifaranga hawakutolewa humo kwa wakati. Aidha, mafuta hayayeyuki majini yasipotanguliwa na spiriti. Yalibaki matonetone, na vifaranga waliokutana nayo waliyapokea makali.

Tofauti kati ya kuyatia majini na kuyatia kwenye chakula ni kubwa, na ni kosa la wengi, wala si lako peke yako. Kwenye chakula, nusu mililita hugawanywa kwa kilo nzima ya punje, ikapita tumboni na kwenye ini polepole. Kwenye maji, hupita kwenye matamvua kwa dakika.

Nguvu hiyo hiyo, ikitumiwa kwa kiasi kidogo mno, ina faida katika usafirishaji. Huko Brazil, Chuo Kikuu cha Shirikisho cha Santa Maria kimefanya kazi ndefu juu ya mafuta ya mmea uitwao Lippia alba, ambayo huwatuliza kambale wa kienyeji wa huko ndani ya mifuko ya safari ili wasihangaike na wasimalize oksijeni, na watafiti hao hao wameyajaribu pia kwenye chakula. Jamaa wa mmea huo, Lippia javanica, humea porini Afrika Mashariki. Hata hivyo, kwa safari ya saa mbili kutoka kituo cha vifaranga mpaka bwawani, mfuko wenye oksijeni, maji safi, kivuli, na samaki walioachishwa kula siku moja kabla vinakutosha bila tone la mafuta yoyote. Na samaki wa kuliwa usiwalaze kwa karafuu kabisa: mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani imekataa mafuta ya karafuu kutumiwa kama nusukaputi ya samaki wa chakula, kwa sababu ya wasiwasi juu ya baadhi ya kemikali zilizomo humo.

Ukihitaji mafuta ya karafuu kwa ajili ya chakula cha samaki, fahamu kwamba si lazima yatoke kwenye karafuu zenyewe, ambazo bei yake ni ya mpishi wa pilau. Kule Wawi, Pemba, kipo kiwanda ambacho kwa miaka mingi kimekeneka mafuta kutokana na makonyo, yaani vikonyo vinavyobaki karafuu zinapochambuliwa. Yujenoli ni ile ile.

Je, naweza kutumia mwarobaini badala ya mafuta haya ya dukani? Ni mmea, na tunaambiwa unatibu magonjwa arobaini.
*Msomaji, Magu*

Usitumie. Dondoo za mwarobaini ni sumu kwa samaki zikizidi kidogo tu, na kiasi kati ya kinachosaidia na kinachoua ni chembamba mno kwa mtu anayepima kwa konzi. Neno “mmea” lisikutulize. Utupa nao ni mmea, na wazee wetu waliutwanga wakautia mtoni samaki wakaelea.

Asubuhi moja mwezi Julai nilikuta mamia ya sato wameelea kizimbani, wakubwa wakiwa wengi kuliko wadogo, bila kidonda chochote. Nilikuwa nikiwapa chakula chenye mafuta ya mdalasini kwa mwezi mzima. Je, mafuta hayakuwa na nguvu, au ndiyo yaliyowaua?
*Mfugaji, Ukerewe*

Pole kwa hasara hiyo. Sidhani kwamba ni hili wala lile. Vifo vya ghafla vya usiku mmoja, bila vidonda, wakubwa wakitangulia kwa sababu mahitaji yao ya oksijeni ni makubwa, ni picha ya kukosa hewa. Kwa miezi mingi ya mwaka maji ya ziwa letu hukaa kwa matabaka, ya juu yakiwa na joto na hewa, ya chini yakiwa baridi na karibu hayana oksijeni kabisa. Kati ya Juni na Agosti, pepo kavu za kusini zinapoyapoza maji ya juu na kuyavuruga, matabaka hayo huchanganyika, na yale ya chini yanaweza kupanda hadi kwenye vizimba. Katika ghuba zilizofungwa mambo huwa mabaya zaidi, kwani mwani wa kijani unaotoa oksijeni mchana huitumia usiku, na alfajiri ndiyo saa yenye upungufu mkubwa kuliko zote. Sato huanza kupoteza hamu ya kula oksijeni inapokaribia miligramu 3 kwa lita, na hustawi inapokuwa 5 au zaidi.

Hakuna mafuta yanayotia oksijeni majini. Kinyume chake, samaki aliyekula akashiba hutumia oksijeni nyingi zaidi anaposaga chakula. Kwa hiyo katika siku za upepo wa namna hiyo, maji yanapobadilika rangi au kunuka, wasimamishie chakula, chenye mafuta au kisicho na mafuta, mpaka hali itulie. Fedha za chupa sita za mafuta huenda zikatosha kununua kipimo cha oksijeni mkishirikiana wafugaji wa mwalo mmoja. Pimeni alfajiri, kwa sababu kipimo cha saa saba mchana hufurahisha tu. Ikiwa mwakani vizimba vyako bado viko kwenye kina kifupi ndani ya ghuba, zungumza na afisa uvuvi kuhusu kuvisogeza mahali penye kina na mkondo.

Vifo vikija kwa namna tofauti, kidogo kidogo kwa siku nyingi, samaki wakizunguka kama waliolewa, macho yakitokeza au magamba yakisimama, hapo fikiria maradhi. Fikiria pia virusi, kwa kuwa kirusi cha sato kilichoelezwa kwa mara ya kwanza huko Israel mwaka 2014 kimegunduliwa baadaye katika samaki wa Ziwa Victoria, nacho hakitibiwi kwa antibiotiki wala kwa mdalasini. Chukua samaki wanaoelekea kufa, si waliokwisha kuoza, uwaweke kwenye barafu na kuwapeleka siku hiyo hiyo katika maabara ya veterinari mjini Mwanza.

Kikundi chetu cha vijana kumi na wawili kina vizimba upande wa Kayenze. Tumegawanyika: nusu wanataka kununua mafuta, nusu hawataki. Tufanyeje ili tujue ukweli bila kugombana?
*Katibu wa kikundi, Ilemela*

Barua hii imenifurahisha kuliko zote. Jibu lenu halimo katika gazeti hili. Limo ndani ya kizimba chenu.

Shoneni “hapa” sita ndogo (hapa ni jina la mfuko wa wavu wa kufugia samaki wachache), zote za kipimo kimoja, mzifunge ndani ya kizimba kimoja ili maji yawe yale yale. Wekeni katika kila moja sato 30 wa uzito unaokaribiana, tuseme gramu 50, na wote watoke katika kundi moja la vifaranga. Kisha pigeni kura: hapa tatu zipate chakula chenye mafuta, tatu zisipate. Msichague kwa macho, kwa maana anayeyaamini mafuta atazipa hapa zenye samaki wachangamfu bila hata kukusudia. Kwa nini tatu na si moja? Kwa sababu hapa moja inaweza kutoboka, au ikakaa pembeni penye mkondo mzuri, nanyi mkausifia mdalasini kwa kazi ya mkondo.

Liko jambo ambalo hata baadhi ya watafiti hulisahau. Chakula cha kundi lisilopewa mafuta tete nacho kinyunyiziwe mafuta ya alizeti kwa kiasi kile kile. Msipofanya hivyo, kundi moja litapata mililita 20 za mafuta ya kula kwa kilo zaidi ya lingine, na mafuta ya kula ni nishati. Samaki watanenepa kwa alizeti, sifa iende kwa oregano.

Samaki 30 wa gramu 50 wana uzito wa kilo 1.5. Kwa asilimia 4 ya uzito, kila hapa itakula gramu 60 kwa siku, mgawanye mara tatu. Kila baada ya wiki mbili wapimeni wote kwa mzani, mrekebishe kiasi cha chakula, mwandike vifo na chakula kilichobaki. Baada ya wiki nane gawanyeni jumla ya chakula kilicholiwa kwa uzito ulioongezeka katika kila hapa. Kama namba tatu za kundi la mafuta zote ni ndogo kuliko namba tatu za kundi lingine, mna jambo la kuzungumza na muuzaji. Kama zimeingiliana, tofauti mnayoiona huenda ni bahati tu. Anayepima mzani asiambiwe hapa ipi ni ya nani. Mkabidhini katibu siri hiyo kwenye bahasha. Mkiwa na wasiwasi wa hesabu, Nyegezi iko jirani, na wanafunzi wa chuo cha uvuvi wanaotafuta mradi wa mafunzo kwa vitendo watawashukuru.

Nauza samaki mwaloni Kirumba. Nikinunua sato waliolishwa mafuta ya karafuu, wateja hawatalalamika kwamba wananuka dawa ya meno?
*Mchuuzi, Kirumba*

Kwa vipimo nilivyovitaja, ambavyo ni nusu mililita kwa kilo ya chakula, na samaki wakiachishwa kula saa 24 kabla ya kuvuliwa kama inavyopasa kwa samaki yeyote wa kufugwa, sitarajii mteja aione harufu hiyo. Ukiinusa, mfugaji amezidisha, na ni haki yako kumrudishia. Harufu ya tope, ambayo huletwa na mwani na bakteria wa majini, ndiyo unayopaswa kuichunguza zaidi kwa sato wa bwawani: kata kipande cha mkia, kichemshe bila chumvi wala limau, ukionje kabla hujalipa.